Mashine ya kunyoosha mbao: tununue ama tungoje?

Kwa miezi miwili sasa, kila Jumapili baada ya ibada, jamaa yetu inajadiliana swali moja: tununue mashine ama tusinunue? Mdogo wangu ni fundi mbao hapa Butembo. Mimi kazi yangu ni radio, kushika mikro na kuuliza watu maswali. Lakini pesa inayosemwa ni yangu kwa sehemu kubwa, ndiyo sababu na mimi niliingia katika mambo ya mbao mpaka shingoni. Ninaandika haya kwa sababu ninajua atelye nyingi za mji wetu zina swali hilo hilo, na jamaa nyingi zinaombwa pesa kwa ajili yake.

Pesa yenyewe ni dola 600. Nilizipata wakati kikundi chetu cha AVEC kilipogawa akiba ya mwaka. Zilikuwa na kazi yake tayari: mabati ya nyumba ya mama, ambayo inavuja vyumba viwili. Halafu mdogo wangu akapata komande ya madawati 60 ya shule, na wiki ile ile akaona katika duka moja mashine mpya kutoka China, dola 420. Akanijia jioni: «Yaya, hii ndiyo nafasi yetu.»

Kwanza nieleze ni mashine gani, maana hata mimi nilizichanganya. Kuna ile ambayo mafundi wanaiita raboteze: unaingiza bao, linatoka na unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Na kuna degoshiseze, yaani mashine ya kunyoosha. Hii ina meza mbili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, na katikati silinda yenye visu inayozunguka kwa mbio. Unasukuma bao juu yake, visu vinakula sehemu zilizotokeza, na upande wa chini unakuwa sawasawa. Kisha unalisimamisha bao kwa ukingo, ukiliegemeza kwenye ukuta mdogo wa chuma, na ukingo unatoka wima.

Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini raboteze peke yake haitoshi. Akachukua bao lililopinda, akalikandamiza kwa mikono juu ya meza likalala sawa, kisha akaliachilia. Likarudi kupinda. «Raboteze inafanya hivi hivi,» akasema. «Magurudumu yake yanalikandamiza, visu vinapita, na likitoka linarudia mupindo wake. Litakuwa jembamba tu, lakini bado limepinda.»

Na kwetu huku mbao zilizopinda ndizo nyingi. Mbao za msitu zinapasuliwa palepale kwa msumeno wa moto, kwa mkono wa mtu, hivyo zinafika zikiwa na mawimbi, mahali nene, mahali nyembamba. Mikalitusi ya milima yetu nayo inajulikana: ikikauka vibaya, inajipinda na kupasuka. Leo kazi ya kuzinyoosha inafanywa kwa randa ya mkono. Vijana wawili wanaifanya katika atelye ya mdogo wangu, mmoja wao alikimbia vita kutoka upande wa Mambasa. Nilikaa nao asubuhi moja na saa yangu: bao la mita moja, upande mmoja na ukingo mmoja, lilichukua karibu dakika 20. Sasa hesabu madawati 60.

Kwa hiyo ombi la mdogo wangu halikuwa anasa. Nilimwambia tu: kabla ya kulipa, twende tuiulize maswali hiyo mashine, kama ninavyouliza viongozi.

Mji wetu unajulikana kwa wafanyabiashara wake wanaofika mpaka Dubai na Guangzhou. Mzigo unapita bandari ya Mombasa, unavuka Uganda, unaingia Kasindi, unapanda Beni mpaka hapa. Safari ndefu hiyo ina maana moja ambayo mnunuzi lazima aikumbuke: kitu kikiharibika, hakuna wa kukirudishia. Garanti iliyoandikwa kwenye katoni haivuki Kasindi.

Dukani tulikuta mashine ndogo ya kuweka juu ya meza. Upana wake sentimita 15, meza zake zote mbili kwa pamoja sentimita 76, na zote za aluminiamu. Kibandiko kilisema wati 1500, volti 220. Mdogo wangu alikuwa amekuja na rula yake ya chuma. Akailaza juu ya meza ya kutokea mpaka ifike ya kuingilia, baada ya kuziweka kwenye kimo kimoja. Katikati iligusa. Kwenye ncha ya meza ya kutokea, niliweza kupitisha karatasi nne za daftari chini ya rula. Kwa macho yangu hilo ni kidogo sana. Mdogo wangu akanyamaza, kisha akaeleza: meza mbili zisipokuwa katika mstari mmoja, bao litatoka na mgongo ama na tumbo, na mbao mbili za namna hiyo haziungani bila nafasi kati yao. Akaegemea ile ncha kwa kiganja. Ikashuka kidogo na kurudi.

Tukaomba iwashwe. Mwenye duka akakataa: «Mama wa radio, nikiiwasha haiitwi tena mpya.» Tukauliza kama ana visu vya kubadilisha. Hana, lakini «vitakuja». Mkanda? Vitakuja. Sharboni za mota? Hapo akacheka. Sikumlaumu. Yeye anauza pikipiki, sola na masufuria, hakuitengeneza mashine.

Tulipotoka, tulienda kwa muzee mmoja fundi, ambaye amefundisha nusu ya mafundi wa mtaa. Mkono wake wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Hakutuonyesha kwa huruma, alituonyesha kwa hesabu. «Degoshiseze haitoi sauti tofauti ikikata mti ama kidole,» alisema. Sheria zake ni chache. Usipitishe kipande kisichofika sentimita 30. Usile zaidi ya milimita moja kwa mara moja, hata kama una haraka. Sukuma kwa kipande cha mbao chenye mshikio, si kwa vidole. Na usiondoe kifuniko cha visu eti kinakuchelewesha. Kisha akaniangalia mimi: «Na usimweke mbele yake kijana ambaye hajala.» Fundi wa mtaani hana bima. Kidole kikienda, anauza mashine ili alipe hospitali.

Usiku ule nilifanya hesabu kwenye daftari yangu ya kazi. Karibu na depo ya mbao kuna atelye yenye degoshiseze kubwa ya zamani, ya chuma kizito. Wananyoosha mbao za watu, mbili kwa dola moja. Madawati 60, kwa mbao nne za kunyoosha kila moja, ni mbao 240, yaani dola 120. Tuongeze dola 40 za chukudu kwenda na kurudi. Komande moja itakula dola 160.

Upande wa mashine: dola 420, lakini haitaishia hapo. Umeme wa mtaa wetu jioni unashuka mpaka balbu zinakuwa nyekundu, na mota inayofanya kazi chini ya umeme dhaifu inapata moto na kuungua. Jenereta ndogo iliyoko atelye, ya kilowati moja, haiwezi kuibeba mota ya wati 1500, hasa wakati wa kuwaka, maana ndipo mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Jenereta inayofaa tuliambiwa dola 300. Visu vya akiba na mkanda, tuseme 30. Jumla 750, bila petroli. Dola 600 zetu hazifiki, na mdogo wangu anapata komande kubwa za namna hii mbili kwa mwaka. Ingepita zaidi ya miaka miwili kabla mashine haijarudisha pesa yake, kama itaishi miaka miwili.

Mdogo wangu alikuwa na majibu, na ni haki niyaandike. Kwenye mashine kubwa kuna kupanga mstari. Mwaka jana alingoja siku tatu na mteja akaenda kwa mwingine. Dawati lina miguu mifupi na vipande vifupi, kwa hiyo meza fupi si tatizo: mafundi wanasema mashine inanyoosha vizuri bao lisilozidi mara mbili ya urefu wa meza zake, na mita moja na nusu inamtosha kwa madawati na viti, ingawa si kwa milango na vitanda. Na alisema neno lililonigusa zaidi: «Yaya, miaka kumi nimekodi kila kitu. Lini nitakuwa na kitu changu?» Sikuwa na hesabu ya kujibu hilo.

Mama ndiye aliyetusogeza. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeuliza: «Hizo mbao mnazotaka kunyoosha, zimekauka?»

Hazikuwa zimekauka. Zilikuwa zimelala nje, chini ya turubai, na mvua inaingia pembeni. Mdogo wangu alijua vizuri kuliko sisi wote maana yake: bao bichi unaweza kulinyoosha leo kama kioo, na baada ya miezi miwili ndani ya darasa litajipinda upya. Mafundi wa zamani wanahesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Si kila mteja anaweza kungoja hivyo, lakini hata miezi michache chini ya paa, mbao zikipangwa na vijiti kati yake ili upepo upite, inabadilisha kazi. Mashine ya dola 420, hata ya dola 4000, haikaushi mti.

Basi tukaamua hivi. Mabati yalinunuliwa. Nyumba ya mama haivuji tena, na upande wa nyuma paa liliongezwa mita tatu: pale chini ndipo mbao zinakauka sasa. Kwa komande hii, mdogo wangu alichagua katika depo mbao zilizokaa muda mrefu zaidi, akalipa zaidi kidogo, na akapeleka zote kwa mashine kubwa kwa safari moja, akiwa ameagana na mwenyewe siku mapema ili asipange mstari. Vijana wawili bado wana kazi: wanamalizia kwa randa, na kuunga, na vernisi. Pesa iliyobaki, dola 170, iko katika sanduku la AVEC kwa jina la atelye, si kwa jina langu. Hilo nililitaka mimi. Mtu aliyekodi miaka kumi anastahili kuona jina lake mahali fulani.

Mashine hatujaikataa. Mdogo wangu anazungumza na atelye mbili za jirani ili siku moja wanunue pamoja moja nzito, yenye meza za chuma, hata kama ilikwisha kutumika. Mota na mkanda vinabadilishwa hapa hapa, na beringi zenye namba za kawaida zinapatikana kwa wauza vipuri. Meza iliyopinda hakuna wa kuinyoosha.

Kwa jamaa nyingine iliyo na swali hili, nawaachia yale tuliyouliza, muyabebe dukani. Rula ikilazwa juu ya meza mbili, inagusa kote bila mwanga kupita? Muuzaji anakubali kuiwasha mbele yenu? Visu, mkanda na beringi vinapatikana mjini leo, si «vitakuja»? Umeme wenu ama jenereta yenu inaweza kuibeba? Nani atasimama mbele yake, na nani amemfundisha? Na kabla ya yote, lile la mama: mbao zenu zimekauka?

Jibu likiwa ndiyo kwa yote, na kazi yenu ni ya vipande vifupi, mashine ndogo ya bei nafuu inaweza kuwafaa, na msiogope kwa sababu tu imetoka China. Karibu kila kitu tunachotumia kimetoka kule. Kama majibu mawili ama matatu ni hapana, pesa ina kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Mdogo wangu bado hajakubaliana na mimi yote. Akipita mbele ya lile duka anapunguza mwendo. Lakini juzi nilimkuta chini ya paa jipya, anageuza mbao moja moja, anaangalia urefu wake kwa jicho moja lililofumba, na zile zilizonyooka anaziweka upande wake.