Diski ya Saba

Deki ya DVD ya bibi yangu haina tundu la flashi. Ni nyembamba, ya rangi ya fedha, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na iko chini ya TV ya kichogo sebuleni kwake Garsen. Kwa sababu ya tundu hilo lisilokuwepo, nilikaa huko siku saba badala ya nne.

Desemba 2017, shangazi yangu alimrekodi Babu kwa simu. Dakika 11. Babu ameketi chini ya mwembe, amempakata mtoto wa binamu yangu, anambembeleza kwa Kipokomo. Wimbo wenyewe kila Mkenya anaujua hata kama hajui kuwa anaujua, kwa sababu tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na bembelezi ya Wapokomo. Miezi michache baadaye Tana ikafurika. Mafuriko ya 2018 yalichukua nyumba, na nyumba ikaenda na albamu zote za picha. Babu alipofariki mwaka uliofuata, tulimzika na picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikawa ukungu.

Juzi shangazi akapata memori kadi ya ile simu ya zamani ndani ya kibweta, Mombasa. Video ilikuwemo. Nikaiweka kwenye simu yangu, nikapanda basi.

Bibi ana mtoto wa jicho. Alishika simu, akaisogeza, akaiondoa, akairudisha.

"Namsikia," akasema. "Lakini simwoni. Niwekee kwa TV."

Nikamwambia nitatafuta pesa nimnunulie deki ya kisasa. Akauliza kwani yake imeharibika. Nikamwambia basi nitakuwa nampigia video kila nikija.

"Simu ni yako, mjukuu wangu. Ukienda, anaenda na wewe. Mimi nataka kanda yangu. Wewe si unasomea kompyuta?"

Nilikuwa nikisomea takwimu. Tena nilikuwa nimeacha chuo tangu Machi, na yeye hakuwa anajua. Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

DVD tupu hazipo tena Garsen. Nilizifuata Malindi, zaidi ya kilomita 100, nikanunua kumi. Laptopu yangu haina mlango wa diski, kwa hivyo nikaazima ule wa nje kwa jamaa aliyekuwa na duka la movie enzi za DJ Afro. Siku hizi anauza kava za simu. Alinipa ukiwa na vumbi, akacheka: "Unachoma DVD? Mwaka huu?"

Diski ya kwanza nilihamisha tu faili ya MP4 nikachoma. Windows inakuuliza kama utaitumia diski kama flashi au kwenye mashine ya CD na DVD. Nikachagua ya pili, nikajiona mjanja. Deki ikazunguka, ikakohoa, ikaandika kwamba diski ni mbovu. Haikuwa mbovu. Deki za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na hizi za kawaida zinaelewa video ya MPEG-2 iliyopangwa ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS. Video nyingi za simu ni H.264, muundo uliotoka 2003. Lile swali la Windows halibadilishi chochote ndani ya video yenyewe.

Ya pili nikatumia DVDStyler, programu ya bure inayobadilisha video na kupanga hiyo folda. Ikacheza! Lakini Babu hakuwa na rangi, na picha ilikuwa inapanda juu kama inavutwa kwa kamba. Nilikuwa nimeacha NTSC, mfumo wa Marekani na Japani: mistari 480, fremu karibu 30 kwa sekunde. TV zetu za kichogo ni za PAL: mistari 576, fremu 25.

Ya tatu rangi zikarudi. Ila shangazi alikuwa ameshika simu wima, nami nikaitanua picha ijaze kioo. Bibi akasogea karibu.

"Huyu ni nani? Huyu ni mbunge."

Nikaacha pembeni pawe peusi, Babu akarudi kuwa mwembamba.

Ya nne ndiyo iliyoniumiza. Mwanzo ilikuwa sawa. Kufikia dakika ya nane, mdomo wa Babu ulikuwa umefungwa na wimbo bado unaendelea. Bibi, ambaye haoni vizuri, aliliona hilo kabla yangu.

"Zima. Ni kama anayeimba ni mtu mwingine, amejificha nyuma yake."

Kumbe simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, fremu nazo zinaweza kupungua, na chini ya mwembe kivuli kilikuwa kinacheza. Ukizilazimisha ziwe 25 bila kuzisawazisha kwanza, picha na sauti zinaweza kuachana polepole. Kwangu dawa ilikuwa kuipitisha faili kwenye HandBrake, nikachagua mwendo wa fremu usiobadilika, ndiyo nikairudisha DVDStyler.

Ya tano ilifika asilimia 80, stima ikapotea. Betri ya laptopu yangu ilikufa zamani.

Asubuhi nikakuta diski zangu mbovu hazipo mezani. Bibi alikuwa amezitoboa kwa msumari wa moto, akazifunga kamba, akazitundika kwenye mpunga wake kufukuza ndege. Zilikuwa zinang'aa vizuri sana. Nilisimama pale shambani nikiziangalia nikaona aibu, si ya diski.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jioni stima ikarudi, HandBrake ikaanza upya, na laptopu yangu ikitaka saa nzima kwa dakika 11. Tulikuwa tumekaa sebuleni tunaangalia ule mstari ukijaa. Bibi akauliza basi langu la kesho ni saa ngapi, nisije nikakosa darasa.

"Bibi, mimi niliacha chuo."

Kimya. Nje kulikuwa na vyura.

"Uliacha lini?"

"Machi. Karo ilinishinda. Halafu hata nilipopata kidogo, sikurudi. Naandika tu siku hizi. Sikujua nitakwambiaje."

Nilingoja anikumbushe nani aliuza ng'ombe gani. Aliangalia ule mstari kwenye laptopu.

"Kwa hivyo kesho huendi?"

"Siendi."

"Basi una wakati. Choma nyingine."

Ya sita ilikwama kwenye ubeti wa mwisho: uso wa Babu ukagandia, ukavunjika miraba miraba. Nikampigia yule jamaa wa kava. Hakucheka safari hii. "Uliichoma kwa kasi gani?" Kumi na sita. "Punguza mpaka nne. Deki kuukuu inataka diski iliyochomwa polepole. Na ufute lenzi kwa pamba na spiriti, taratibu."

Ya saba ilicheza mwanzo hadi mwisho. Bibi hakulia. Alisema kofia ile alimwambia asiivae.

Nikachoma nakala mbili zaidi. Moja iko kwa shangazi Mombasa, nyingine nimeifunga kwa nguo ndani ya sanduku la Bibi, kwa sababu rangi inayobeba maandishi kwenye diski za kuchoma huharibiwa na jua na joto, na Garsen ina vyote viwili. Faili yenyewe nimeiweka mahali patatu. Sidhani diski itadumu milele. Nimemwambia hivyo. Akasema hata yeye.

Asubuhi ya siku niliyoondoka niliamshwa na bembelezi. Nikadhani naota. Nikachungulia sebuleni: Bibi ameketi kwenye kigoda, pua inakaribia kugusa kioo, rimoti mkononi, kitambaa cha kufuma kimekunjwa vizuri kando.

Alikuwa ameiweka mwenyewe. Hakuniita.