Matayarisho ya Safari ya Same



Mwalimu wetu wa michezo aliniambia kwamba mtu aliyekosa mbele ya watu hana budi kukiri mbele ya watu, tena kwa kalamu yake mwenyewe. Basi nayaandika haya, si kwa kujisifu, bali ili mwenzangu yeyote atakayetaka kufanya safari ndefu ya baiskeli ajue ni kitu gani cha kutayarisha kwanza. Mimi nilianza na miguu, nikasahau jambo lililo kubwa kuliko miguu.

Habari yenyewe ni hii. Karibu na shule yetu iko shule ya msingi, na katika shule hiyo yuko mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kutembea. Kila asubuhi bibi yake humpakia katika toroli la kubebea mchanga, akamsukuma mpaka mlangoni mwa darasa. Mvua ikinyesha toroli hukwama matopeni, na siku hiyo mtoto hasomi. Tulipoliona jambo hili tuliazimia kumnunulia baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Lakini fedha tutazipata wapi? Ndipo mwalimu akatoa shauri: wanafunzi kumi waendeshe baiskeli kutoka Moshi mpaka Same, yapata kilomita 100, na kila mmoja atafute watu watakaoahidi kutoa fedha kidogo kwa kila kilomita atakayoimaliza.

Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Kwa muda wa juma moja nikawa nimepata watu 14. Fundi viatu aliahidi shilingi 50 kwa kilomita, mama muuza dagaa akaahidi 100, na wengine kadiri ya uwezo wao. Nilipojumlisha nikaona kwamba kila kilomita yangu ina thamani ya shilingi 1,100. Loo! Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kisha tukapewa karatasi za ruhusa, zitiwe sahihi na wazazi. Mama aliisoma yangu polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "barabara ile ilimchukua mjomba wako. Alikuwa akirudi na baiskeli saa moja ya usiku, hana taa, lori likamgonga. Niombe lolote jingine, hilo sikupi."

Sikubishana naye. Lakini usiku niliitoa ile karatasi nikaitia sahihi mimi mwenyewe, nikiuiga mwandiko wake. Nikajiambia kwamba kosa dogo kwa ajili ya jambo jema si kosa.

Mazoezi yakaanza. Juma la kwanza tulikwenda kilomita 20 tu, nami nikarudi magoti yananiuma kama mzee. Mwalimu alipoitazama baiskeli yangu alicheka, maana kiti kilikuwa chini mno. Akanifundisha kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu ukinyooka sawasawa, kiti kiko mahali pake. Tangu siku ile magoti hayakuniuma tena. Juma la pili tulikwenda kilomita 35, na la tatu tulikwenda Himo na kurudi, yapata kilomita 50. Tulijifunza kunywa maji kabla ya kiu na kula kabla ya njaa, kwa kuwa njaa ikikukuta njiani miguu huwa kama si yako. Tulijifunza pia kufuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Aliye mbele huukata upepo, na walio nyuma hutumia nguvu kidogo. Kwa hiyo yafaa kupokezana, ili mmoja asichoke peke yake.

Siku hiyo ya Himo, tulipokuwa tukirudi, lori kubwa lilitupita kwa kasi. Upepo wake ulinitikisa, gurudumu la mbele likatoka nje ya lami, nikaanguka kwenye kokoto. Sikuvunjika, lakini kiwiko kilichubuka vibaya. Nyumbani Mama aliniuliza kumetokea nini.

"Nimeanguka katika uwanja wa mpira, Mama."

Hakusema neno. Alichemsha maji, akaanza kuniosha na kutoa vijiwe katika kidonda, kimoja kimoja. Kisha akakishika kimoja mbele ya taa, akauliza, "Uwanja wenu wa mpira siku hizi umetiwa lami?"

Laiti angalinipiga! Alikaa kimya mpaka nilipomweleza yote. Mwisho akasema, "Kesho nenda ukamwambie mwalimu wako. Mimi sitakwenda kukusemea."

Nilikwenda. Mwalimu aliliondoa jina langu katika orodha, akampa nafasi yangu mwenzangu mmoja. Tena akanipa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatembelea wale watu 14 na kuwaeleza sababu ya mimi kutokwenda. Hiyo ilikuwa nzito kuliko mlima wo wote. Nilipofika kwa fundi viatu nilitazama chini tu. Yeye hakuinua macho katika sindano yake. "Ahadi yangu ni ya yule mtoto," akasema, "si ya miguu yako. Aendeshe mwingine, nitatoa." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba zile shilingi 1,100 hazikuwa thamani yangu hata kidogo.

Kazi ya pili ilikuwa kuzitengeneza baiskeli za wenzangu kwa majuma mawili, chini ya fundi baiskeli wa sokoni. Nilijifunza kuziba pancha: kutafuta tundu kwa kuuzamisha mpira katika maji, kuukausha, kuukwaruza, kupaka gundi na kuingoja kidogo kabla ya kubandika kiraka. Asiyengoja, kiraka chake hubanduka. Nilijifunza pia kukaza spoki, kutia mnyororo mafuta, na kujaza tairi upepo wa kutosha, kwa maana tairi laini humchosha mwendeshaji bure.

Ijumaa moja Mama alikuja shuleni. Alimwamkia mwalimu, akakaa, akaanza kumwuliza. Mtaondoka saa ngapi? Nani atakuwa nyuma? Na mkichelewa? Mwalimu alimjibu vyote. Halafu Mama akasema, "Mjomba wake huyu aliijua njia ile kuliko ninyi nyote. Hakukosa ujuzi, mwalimu; alikosa kuonekana."

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu akaandika. Tangu siku hiyo kila baiskeli imetiwa taa nyeupe mbele na kiakisi mwanga chekundu nyuma, na kila mwendeshaji atavaa kizibao cha manjano kinachong'aa. Imeamriwa pia kwamba hatutaondoka kabla ya kupambazuka, gari litatufuata nyuma, na jua likikaribia kuzama, aliye njiani atapanda gari, hata kama zimebaki kilomita mbili.

Hapo Mama akaomba karatasi ya ruhusa, akaitia sahihi. Niliitazama. Haikufanana hata kidogo na ile niliyoiiga mimi.

Nafasi yangu sikurudishiwa, wala sikuiomba. Lakini mwalimu alisema msafara hauwezi kwenda bila fundi. Basi nitakuwa wa mwisho katika mstari, nikibeba pampu, spana na viraka, na atakayepata pancha nitasimama naye. Kilomita zangu hazitahesabiwa. Mama naye amekuwa mtu wa 15, kwa shilingi 20 kwa kilomita. Nazo ni za mwenzangu aliyechukua nafasi yangu.

Tunaondoka Jumamosi ijayo. Tutapita Himo, Mwanga na Lembeni, milima ya Upare ikiwa upande wetu wa kushoto, na upande ule mvua ni chache na jua ni kali. Huenda gazeti hili likiwafikia mtakuwa mmekwisha kusikia kama tulifika. Mimi sijui bado. Ila wewe unayetaka kufanya safari kama hii, weka kiti chako sawa, jaza tairi zako, beba maji ya kutosha. Na kabla ya yote hayo, pata ruhusa ya kweli. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu ilikomea Himo.

Mwanafunzi, Kidato cha III