Kuvua Takataka Katika Ghuba ya Mwanza

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Mwanza, usiridhike kulitazama Ziwa Victoria ukiwa juu ya barabara. Kutoka barabarani utaona mawe makubwa yaliyopandana kama kwamba yamepangwa kwa mikono ya majitu. Utauona Mwamba wa Bismarck ukisimama majini, na ng'ambo kidogo kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Hayo yote yanapendeza. Lakini ziwa lina habari nyingine, nayo huonekana na yule tu aliyekaa chini, karibu na uso wa maji.

Basi amka mapema, utafute chombo kidogo, uende ukavue. Leo hatuendi kuvua sato wala sangara. Twaenda kuvua takataka.

ZIWA LISILOFUKUZA MGENI

Kwanza ulijue ziwa lenyewe. Upana wake wote ni kama kilometa za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Sehemu nyingine ni za Uganda na Kenya. Liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134 hivi, lakini kina chake si kirefu: penye kina kuliko pote ni kama meta 80 tu. Mto utokao ndani yake ni mmoja, nao ni Naili, utokao pale Jinja. Maji mengi kuliko yale yaendayo na mto hupanda angani kwa nguvu ya jua.

Hapo ndipo penye shida. Maji hugeuka mvuke yakaenda zake, lakini chupa ya plastiki haigeuki mvuke. Kila kinachoingia na mifereji ya mji, au na Mto Mirongo upitao katikati ya Mwanza, hubaki ghubani kikisukumwa na upepo huku na huku mpaka kinaswe penye matete na magugu maji, au katika nyufa za mawe. Jua na mawimbi hukivunjavunja kikawa vipande vidogo kama punje za mchele, kisha vidogo kuliko hapo. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza habari ya samaki walionunuliwa sokoni papa hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20. Katika kila aina, samaki mmoja kwa watano alikuwa na plastiki tumboni.

Nawe wakumbuka kwamba ziwa hilohilo ndilo jikoni kwetu. Maji ya bomba ya mji huvutwa humo. Dagaa wa mezani hutoka humo. Mama auzaye samaki pale Kirumba hulipa karo ya shule ya watoto wake kwa mali ya humo.

CHOMBO KIFAACHO

Boti ya mashine haifai kwa kazi hii, maana parafujo yake husokotwa na magugu na nyavu kuukuu. Kifaacho ni kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, uendeshwao kwa kafi lenye bapa huku na huku. Asili yake ni kwa Wainuiti, watu wa nchi za barafu, waliotengeneza mifupa yake kwa miti na kuiwamba ngozi ili wawinde wanyama wa baharini. Siku hizi kayaki nyingi ni za plastiki. Kumbe plastiki yenyewe si adui; adui ni kuitupa ovyo!

Katika mji wa Copenhagen, huko Denmark, mwaka 2017 ulianza mpango uitwao GreenKayak. Mtu huazimwa kayaki bila kulipa, kwa sharti la kurudi na takataka alizookota majini na kuzipima uzito. Huku kwetu, ukikosa kayaki, mtumbwi mdogo wa mbao wafaa sana. Keti chini katikati, wala usisimame.

JINSI YA KUFANYA KAZI

Toka asubuhi, wakati ziwa limelala. Jua likipanda upepo huamka, na mawimbi ya ghubani hayana mzaha na mtumbwi mwembamba. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama wajua kuogelea. Watu wa ziwa hili hawajasahau meli ya Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala kivuko cha Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Usiende peke yako. Waulize wavuvi wa mwalo ule kama pana viboko au mamba, na wakikuambia usipite, usipite. Tena usishuke kutembea majini penye matete, maana konokono wa kichocho hupenda mahali pa namna hiyo.

Chukua glavu nene, viroba viwili, na wavu mdogo wenye mpini. Iendee takataka ukielekea upepo, ili chombo kiende polepole. Mmoja aokote, mwenzake ashike kafi na kukaa sawasawa. Mkiinama wawili upande mmoja, mtaokotwa ninyi. Chupa iliyojaa maji uimwage kwanza, ama sivyo utajaza mtumbwi maji badala ya taka. Wavu ulio na maboya yake una mwenyewe, usiuguse. Kipande cha nailoni kilichonaswa mweni kikiendelea kuua samaki bure, hicho kikate ukichukue. Hakiozi kama kamba za zamani. Na penye kiota cha ndege ndani ya mafunjo, pita mbali.

Utaona mengi kwa saa mbili. Mdiria atajitupa majini kama jiwe. Yangeyange atakutazama bila kukuogopa. Na mkononi mwako utashika ndala ya mtoto, chupa ya soda, kifuniko cha ndoo, kiroba cha saruji. Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kuinama hivyo utatambua kwamba vitu hivi si vya watu wa mbali. Ni vile vile tunavyonunua dukani kwetu.

JE, SI KAZI BURE?

Labda utauliza: nikijaza viroba viwili leo, na kesho mvua ikaleta vingine kumi, nimefanya nini? Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Kweli, mtumbwi hauwezi kushindana na mfereji. Anayeokota ziwani tu, bila kuziba kule zinakotoka, anakinga maji kwa tenga.

Lakini tazama. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tukarudia vikapu. Kumbe mazoea ya watu hubadilika! Tarehe 9 Desemba 2015, badala ya gwaride la Uhuru, watu walishika mafagio nchi nzima, na Rais Magufuli akafagia pamoja nao. Na chupa tupu zina bei kwa kilo. Wako wanaoishi kwa kuziokota, nao wastahili heshima yetu.

Kwa hiyo okota, kisha pima, kisha uonyeshe. Mwaga viroba vyako juu ya turubai pale mwaloni, watoto wazihesabu chupa na ndala. Mtoto aliyehesabu chupa 100 kwa mkono wake hatatupa ya 101 mferejini. Naye akirudi nyumbani atamkanya baba yake, na baba atanyamaza.

Ndugu msomaji, kama hukai Mwanza, bila shaka kwenu pana mto, bwawa au kisima. Jumamosi hii umwite jirani, mchukue kiroba, mwanze na mfereji ulio mbele ya mlango wenu. Maji yake nayo yana mahali yaendako.