Mchagua Jembe na Bunduki ya Rangi

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii imetumiwa tangu jadi kuwakemea wavivu, wale ambao huliona jembe hili zito na lile butu hadi jua likachwa kabla hawajalima hata tuta moja. Hata hivyo, zipo kazi ambazo anayezifanya bila kuchagua zana ndiye anayestahili kukemewa. Kupuliza rangi ya gari katika ua wa nyumba ni mojawapo ya kazi hizo, na zana yenyewe ni bunduki ya rangi.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi viungani mwa mji wa Nakuru. Mwalimu huyu alirithi Peugeot 504 ya marehemu babake. Gari la aina hii si geni nchini Kenya. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na wapo wazee ambao wakilitaja hunyoosha migongo kana kwamba wao ndio walioliendesha. La marehemu halikushinda chochote. Lilibeba maziwa, magunia ya viazi, wagonjwa wa jirani usiku wa manane, na hatimaye jeneza la mwenyewe. Weupe wake ulikuwa umefifia na kutu imeanza kuitafuna milango. Mjane, ambaye binti yake wa mwisho alikuwa anakaribia kuolewa, alitoa ombi moja tu: "Mwanangu, siku hiyo nataka kupelekwa na gari la baba yako, likiwa jeupe kama alivyolinunua."

Bei aliyotajiwa na mafundi ilizidi mshahara wake wa mwezi. Akaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo alipofunga safari hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, kutafuta bunduki ya rangi.

Anayefika pale mara ya kwanza hupumbazwa na mng'aro. Bunduki zimepangwa kwenye rafu, nyingine kikombe kikiwa chini, nyingine kikiwa juu. Ya kikombe cha chini huivuta rangi kwa nguvu ya hewa inayopita. Ni ya kizamani, ni imara, lakini ina uchoyo wa kubakisha rangi ambayo haifikiwi na mrija. Ya kikombe cha juu huachia rangi iteremke kwa uzito wake, hivyo huhitaji nguvu kidogo zaidi na hupoteza rangi kidogo. Kwa mtu wa nyumbani, hii ya pili ndiyo afadhali, na hapana haja ya kulijadili jambo hilo kwa urefu.

Suala zito liko kwingine. Mwuzaji alimwonyesha mwalimu bunduki ya aina inayotumia hewa nyingi kwa mkandamizo mdogo. "Mwalimu, hii ndiyo ya kisasa. Haimwagi rangi hovyo." Mwuzaji hakusema uongo. Bunduki za aina hiyo hazitakiwi kuzidisha mkandamizo wa pauni 10 kwa kila inchi mraba pale mdomoni, na ikitumiwa ipasavyo hufikisha kwenye bati takribani asilimia 65 ya rangi au zaidi, ilhali zile za zamani huweza kuitawanya hewani zaidi ya nusu yake. Asilolisema mwuzaji ni kwamba bunduki hiyo hula hewa kama tanuri lilavyo kuni: aghalabu lita 280 hadi 400 kwa kila dakika. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akisubiri kuhudumiwa ndiye aliyeuliza swali lililofaa kuulizwa mwanzo: "Mwalimu, kompresa yako ina pumzi kiasi gani?"

Neno alilolichagua mzee huyu lilikuwa sahihi kuliko istilahi yoyote. Kompresa ndogo ya nyumbani, yenye nguvu za farasi 2 na tangi la lita 50, huenda isitoe zaidi ya lita 180 kwa dakika, hata kama maandishi ya ubavuni yanajigamba kwa tarakimu kubwa. Maandishi hayo mara nyingi hutaja hewa inayovutwa, wala si hewa inayotoka. Ukiifunga kwenye bunduki yenye njaa ya lita 400, utapuliza mlango mmoja vizuri, kisha mkandamizo utashuka. Matone ya rangi yatakuwa makubwa, na uso wa bati utabaki na vijishimo mithili ya ganda la chungwa. Kumbe mtu hachagui bunduki kwanza. Huangalia kompresa aliyo nayo, kisha huitafutia bunduki inayoweza kuishi kwa pumzi hiyo. Zipo zinazoridhika na lita 100 hadi 200. Huenda polepole zaidi, lakini mwalimu hakuwa mashindanoni.

Tundu la kupitishia rangi nalo lina hesabu yake. Milimita 1.3 au 1.4 hufaa rangi ya mwisho; rangi ya msingi, ambayo ni nzito, huhitaji 1.7 hadi 2. Aidha, chombo cha kunasa maji kwenye mpira wa hewa si anasa. Hewa ikikandamizwa na kupoa huacha maji, na tone moja likipita na rangi huharibu kazi ya siku nzima.

Ni ajabu kwamba kifaa hiki, ambacho Kiswahili kimekiita bunduki kwa sababu ya kifyatulio chake, kina asili ya tiba. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa koo aitwaye Allen DeVilbiss, wa mji wa Toledo katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alibuni chombo cha kupulizia dawa katika koo za wagonjwa. Mwanawe, Thomas, ndiye aliyeugeuza ufundi huo kuwa wa kupuliza rangi mwanzoni mwa karne ya 20. Mnamo 1923, General Motors ilipoanza kutumia rangi ya Duco iliyokauka upesi, kazi ya brashi na vanishi iliyokuwa ikichukua majuma ikawa kazi ya siku chache. Kilichobuniwa kuponya koo kikaingia viwandani, na huko kikaanza kudhuru mapafu.

Maana rangi nyingi za kisasa za magari huchanganywa na kigumishi chenye kemikali za aisosianeti. Ukungu wake mwembamba hauonekani vyema, wala harufu si onyo la kutegemewa. Nchini Uingereza, wapuliza rangi za magari wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wafanyakazi wanaopatwa zaidi na pumu itokanayo na kazi. Mwili ukishaizoea sumu hiyo kwa ubaya, chembe kidogo tu hutosha kumkosesha mtu pumzi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii lolote. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na chumba chenye feni za kuvuta ukungu. Ni ua gani wa Nakuru ulio na vitu hivyo?

Na mamake mwalimu ana pumu. Chumba chake kinatazama pale pale gari lilipoegeshwa.

Mzee yule aliposikia habari hiyo aliirudisha rafuni bunduki ya kisasa kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu aliondoka na bunduki ndogo ya kikombe cha juu, isiyo na makuu, pamoja na rangi nyeupe ya kopo moja, isiyohitaji kigumishi. Rangi hiyo haitang'aa kama ya karakana, na itachakaa mapema. Thina yake pia si manukato. Kwa mwenye pumu bado ni adui. Kwa hiyo, kabla ya kopo kufunguliwa, mama alipelekwa Molo kwa dada yake akakae huko juma zima, naye mwalimu akavaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na kusubiri asubuhi zisizo na upepo.

Jioni ya siku ya tatu mama alipiga simu. Hakuuliza habari za bunduki wala za kompresa. Alitaka kujua kama weupe huo ni ule ule, au ni ule weupe wa jokofu. Mwalimu alitoka nje kwenda kutazama tena.