Piko Mkononi, Hukumu Kwenye Simu



Tumerudi salama kutoka Songea, alhamdulillah. Mliotuuliza picha za harusi ya Majengo, zitakuja, in shaa Allah. Leo tuna jengine, na bibi harusi mwenyewe katuruhusu tulisimulie.

Tulikwenda watatu kutoka Unguja. Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la kutwa nzima kupitia Morogoro, Iringa na Njombe. Juni kule si mchezo, tulivaa sweta juu ya madera!

Siku ya hina bibi harusi alikaa mkekani, mikono na miguu imejaa piko. Pembeni yake dada yake, wakili kijana aliyeapishwa mwaka jana, kapakwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia alisema ni wa simu. Tukamcheka, naye akatuonesha anachosoma: TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu na sheria bure. Anaipenda kama sisi tunavyopenda udi. Mawakili waliomtangulia, alisema, walikuwa wakihangaika na vitabu vizito vya Tanzania Law Reports, na kama ofisi yako haina, unakwenda kuazima kwa mkubwa wako na kuomba asikunyime. Yeye hukumu ya Mahakama ya Rufani anaisoma yuko Majengo, akisubiri piko likauke.

Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kusaidia kukuna nazi, alikuwa anasikiliza. Akasema taratibu, "Mimi basi hiyo simu hainihusu. Miaka 19 ya ndoa, karatasi ya talaka nimepewa, na nyumba ni yake. Mimi nilikuwa wa jikoni tu."

Wakili wetu aliruka. "Shangazi, usiseme hivyo! Yupo Bi Hawa Mohamed!"

Akatueleza. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, rufani ya mwaka 1983, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Swali lilikuwa je, kupika, kufua na kulea watoto ni kazi ya kuhesabiwa? Mahakama ikasema ndiyo. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Yule mama akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mkubwa wetu, ambaye hapendi hadithi isiyo na mwisho, akauliza, "Na huyo Bi Hawa alipata kiasi gani?"

Kimya. Wakili alikuwa kasoma muhtasari wa juu, na muhtasari ulikuwa mtamu. Akashusha kidole. Mtandao ukakwama, ukarudi. Hukumu ni ya Kiingereza, kwa hiyo alisoma kwanza mwenyewe, midomo ikicheza, halafu uso ukabadilika. Bi Hawa hakupata kitu katika ile nyumba. Mume alikuwa amempa fedha za kuendesha biashara ya familia, mahakama ikaona alizifuja, na kwa hilo mchango wake ukahesabiwa umefutika. Wanawake wengi walionufaika na jina lake walikuja baadaye.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi pia aliwahi kunipa mtaji. Wa vitumbua. Uliisha."

Hapo ndipo tulipoona tofauti ya kuwa na simu na kuwa na wakili. Binti aliweka simu chini, akauliza: uliishia wapi? Ada za skuli, akajibu, na mabati ya chumba cha nyuma. Kuna ushahidi? Basi akainua simu tena na kututafutia kesi ya Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufani ya Madai namba 102 ya 2018, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Safari hii alisoma mpaka mstari wa mwisho, nasi tukasubiri, nazi zimelala.

Kisha akamwambia aanze na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la BAKWATA lipo kwa ajili yetu Waislamu, achukue hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo aende mahakamani. (Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, huku kwetu sheria hiyo ya 1971 haitumiki. Ndoa zetu ni kwa Kadhi, chini ya sheria yake ya 2017, kwa hiyo msiichukue kesi hii nzima nzima.)

Tulimuuliza binti baadaye kama bado anaridhika na TanzLII. "Sana," akasema. "Nisiyeridhika naye ni mimi." Alikuwa anaosha piko lililokauka vibaya.

Mama alikwenda kwake kabla ya Magharibi, akarudi na daftari la vitumbua lenye madoa ya mafuta. Miaka minne ya unga, sukari, ada, mabati, kwa kalamu ya bluu. Bibi harusi, ambaye mikono haikuwa ikigusa kitu, alimwomba dada yake amfunulie kurasa moja moja ili aone zinavyoandikwa.