Vibano vya Kabari

Fundi aliyenifundisha useremala hakuruhusu msumari kwenye meza. Msumari, alisema, ni wa mabati. Meza inashikwa na ulimi, tundu na gundi, na gundi isipobanwa haishiki kitu. Kwa hiyo kabla sijakabidhiwa randa, kabla sijagusa kazi ya mteja yeyote, nilipewa kazi ya kutengeneza vibano.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini, soko la Gikomba, Nairobi, upande wa mbao. Mzee alikuwa mtu wa reli. Aliingia karakana za Nairobi enzi za East African Railways, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 akiwa bado pale, na alipostaafu akahama nyumba ya reli ya Muthurwa, akapanga kibanda mwendo mfupi tu kutoka hapo. Reli alizoea vibano vya chuma vya Record, vya rangi ya buluu, vilivyotoka Sheffield, Uingereza. Gikomba alikuja na randa, misumeno na patasi. Madukani Kirinyaga Road, kibano kimoja kirefu cha chuma kilikula pesa za mbao za meza nzima, na uso wa meza hauungwi kwa kibano kimoja.

Majirani zetu walipiga misumari. Kitanda kilichoanzwa asubuhi, jioni kilikuwa juu ya basi pale stendi ya Machakos. Siwalaumu, kodi ya kibanda haikungoja gundi ikauke. Lakini saipresi iliyopasuliwa mbichi hukaukia nyumbani kwa mwenyewe. Hunywea, tundu la msumari likapanuka, na kiangazi kikiisha kitanda kinaanza kulia. Mzee hakutaka kazi yake ilie.

Vibano vyetu vilitokana na masalio. Tulizunguka kwa wapasuaji mbao tukichagua vipande vya mkaratusi na, siku ya bahati, mvule. Saipresi hatukuitaka. Ni laini, inabonyea. Kibano kilikuwa mti mmoja mnyoofu wa mbili kwa tatu, urefu futi nne au tano. Mwisho mmoja tulitia kipande kigumu, kikapigwa vigingi kisisogee tena. Upande wa pili tulitoboa mti kwa keekee, tundu kila baada ya inchi tatu, na kipande cha pili kikawa kinahamishwa na kufungwa kwa pini ya chuma kulingana na upana wa kazi. Kati ya kipande hicho na ubao ziliingia kabari mbili zilizolaliana, ncha ya hii ikielekea kitako cha ile, ili zikigongwa nyuso zake za nje zibaki sambamba.

Kwenye kabari ndipo penye elimu. Urefu inchi nane, unene upungue inchi moja, basi. Ukikata kabari fupi yenye mteremko mkali, itabana upesi, lakini ukiinua nyundo inarudi yenyewe. Mteremko ukiwa wa taratibu, mbao inasuguana na mbao na kushikana. Unaisukuma kabari inchi nzima na ubao unasogea moja ya nane tu ya inchi, na kwa sababu hiyo mkono wa kijana mwembamba kama nilivyokuwa unaweza kufunga mwanya ambao wanaume wawili wakisukuma hawaufungi.

"Gonga hii kidogo, halafu ile," mzee aliniambia. "Usipige kama una hasira nayo. Gundi ikitoka kama shanga, wacha."

Shanga ndogo nyeupe, zimepangana tangu mwanzo wa kiungo hadi mwisho. Zikikosekana mahali, hapo mbao hazijagusana. Unalegeza, unarudia randa. Gundi ikitiririka, ama umepaka kupita kiasi ama umekaza mno na kuikamua yote nje. Sijapata kipimo kingine kinachosema ukweli upesi hivyo.

Vibano viwili vilikaa chini ya mbao, kimoja juu, katikati. Vyote vikiwa upande mmoja, uso wa meza hubinuka. Gundi isije ikaunganisha kibano na mali ya mteja, tulitandika vipande vya Taifa Leo katikati. Asubuhi tulikwangua, ila upande wa chini hatukukwangua sana, na nina hakika ziko nyumba Kaloleni na Shauri Moyo ambako ukiinama chini ya meza utasoma nusu ya kichwa cha habari.

Kwa vibano vya kazi ndogo tulivuka kwenda Kamukunji, kwa mafundi wa chuma ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 wakaja kujengewa vibanda. Tulinunua bolti kuukuu za lori na nati zake, na fundi akachomelea kipande cha nondo kiwe mkono. Kazi ya kuichimbia nati mbaoni niliipenda kuliko zote: kuchora pembe zake sita kwa penseli, kufuata mstari kwa patasi nyembamba, kisha kuigonga ndani ikae bila kucheza hata kidogo. Miguu ya viti tuliibana kwa kamba ya katani iliyosokotwa na kijiti. Mikono ya sofa, iliyopinda, tuliizungushia ukanda wa tiubu ya tairi.

Wateja walitaka meza leo. "Mama, gundi haijakauka," mzee alimjibu mmoja. "Nikikupa leo nitakuwa nimekuibia." Mama yule alinung'unika, akaondoka, akarudi keshokutwa.

Gikomba huungua. Kibanda chetu nacho kiliungua usiku mmoja pamoja na safu nzima, maana maranda na unga wa mbao havihitaji kubembelezwa. Mzee alichekecha majivu akatoa pini, bolti na nati. Mbao za kwanza tulizopewa na majirani tulizigeuza vibano kabla ya kushika oda ya mtu. Alikuwa amekwisha kufariki moto wa Juni 2018 ulipoanzia upande wa mbao na kuua watu 15. Nilienda siku zilizofuata. Watu walikuwa wakipiga vigingi vya vibanda vipya ardhi ikiwa bado ina moshi, na niliona uchungu na fahari kwa pamoja, sikujua niseme nini.

Siku hizi vibano vya chuma kutoka China vinapatikana kwa bei nafuu na vijana wanavyo. Kwa meza pana bado wanarudi kwenye kabari. Juzi nilimkuta mmoja akizigonga zake kwa nguvu, na kila akiinua nyundo zinarudi. Alikuwa amezikata fupi, mteremko mkali. Nikamwomba msumeno.