Mvua Inayonyesha Mbali

Vitabu vya Kiswahili tulivyofundishia katika kambi ya Kakuma, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilijaa masika, vuli, manyunyu na umande. Wanafunzi wangu, watoto wa wakimbizi kutoka Sudan, Somalia na Ethiopia pamoja na Waturkana wa pale mjini, waliyakariri yote. Umande ndio uliosumbua. Waliokulia kambini hawakuwahi kuuona juu ya jani.

Nikaanza na upepo, maana huo haukuhitaji picha. Ulivuma kutoka kusini-mashariki, ukatia mchanga ugalini na kung'oa maturubai. Niliwachorea ubaoni milima ya Ethiopia upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na katikati ule uchochoro ambamo upepo hubanwa ukaongeza kasi. Wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Ndio unaoupitisha unyevu juu ya Turkana bila kuuangusha.

Mvua ilitaka hesabu. Katika kituo cha hali ya hewa cha Lodwar, mpimaji mmoja alinionyesha kipimajoto ndani ya kibanda cheupe cha mbao, kivulini, ambamo nyuzi 35 za mchana ni jambo la kawaida, kisha kipimamvua. Mvua ya Lodwar, alisema, ni kama milimita 200 kwa mwaka. Darasani takwimu hiyo ilikuwa bubu mpaka tulipoigeuza: milimita 1 ni lita 1 juu ya kila mita mraba. Basi mvua ya mwaka mzima, katika eneo la mkeka mdogo, ni mitungi 10 ya lita 20. Darasa likalipuka. Hawa walikuwa watoto wa foleni za bombani. Mtungi waliujua kwa mabega yao. Msichana mmoja akauliza jua linakunywa mingapi. Nikamwambia Ziwa Turkana hupoteza zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka kwa mvuke. Akapiga hesabu mwenyewe: mitungi 100 na zaidi.

Lakini somo kubwa tulilipata kwa mzee wa Kiturkana aliyechunga mbuzi kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu. Anga lilikuwa jeupe, mchanga mkavu, na watoto walitaka kuvuka.

"Mwalimu, usiangalie hapa juu," aliniambia. "Angalia kule."

Kule, juu ya vilima vya mpaka wa Uganda, wingu lilikuwa limesimama jeusi. Tukangoja. Maji yalikuja ya kahawia, yakisukuma matawi ya mgunga, na Kakuma hapakuwa na hata tone.

Toka hapo zamu ya wanafunzi ya kuandika hali ya hewa ikawa na mistari 2 ubaoni: anga la Kakuma, na anga la vilima vya magharibi. Mstari wa pili tuliusoma kila jioni kabla ya kuwaruhusu watoto wa ng'ambo ya laga kwenda nyumbani.